Semina ya unyanyasaji wa kijinsia kazini: siku ya kwanza nyota tano, siku ya pili nirudishiwe hela

Habari za saa hizi wakuu. Mi huwa siandikagi review, kazi yangu ni stoo, nahesabu maboksi na kugombana na madereva, ila hii nilijiahidi pale pale ukumbini kwamba nikifika nyumbani naandika. Nimechelewa wiki mbili maana kila nikianza napandwa na hasira za siku ya pili. Leo nimetulia kidogo.

Iko hivi. Kiwanda chetu, tupo Dar, wafanyakazi mia mbili na kitu, kililipia semina ya siku mbili ya unyanyasaji wa kijinsia kazini kwa watu 14: kamati ya nidhamu, masupavaiza, watu wa utumishi na wawakilishi wawili wa chama cha wafanyakazi. Mi nimo kwenye kamati ya nidhamu mwaka wa tano sasa, nilichaguliwa kwa sababu nina sura ya upole, sijui kama ni sifa. Bei ilikuwa 185,000 kwa kichwa, chai na chakula cha mchana humo humo, risiti ya EFD walitoa bila kuombwa na hapo niwape haki yao. Jina la kampuni ya mafunzo siweki, bosi kasema tutulie wakati bado anazungumza nao habari ya marejesho, kwa hiyo msiniulize, hata inbox sijibu.

Ukumbi mzuri, AC inafanya kazi, pilau ya siku ya kwanza ilikuwa na nyama kweli sio harufu ya nyama. Ya siku ya pili tuiache.

Siku ya kwanza alikuja mama mmoja wakili, umri wa hamsini na kitu, kabeba kaunta buku na kalamu mbili basi. Hana slaidi hata moja. Nikajisemea leo tunalala hapa. Akagawa vikaratasi, akasema kila mtu aandike bila jina lake neno analolisikia kiwandani pale jambo la hivi likitokea, yaani watu wanasemaje. Akakusanya akaanza kusoma moja moja. Alimtaka. Alimzoea vibaya. Alimvunjia heshima. Alimshika pabaya. Alimfanyia mchezo mbaya. Alimletea za kuleta. Akamaliza akatuangalia juu ya miwani akauliza, haya wanakamati, pabaya ni wapi?

Kimya. Watu wazima 14, wengine tuna wajukuu, tunaangalia meza. Mpaka dada mmoja wa pakingi akasema kwa sauti ya hasira kabisa, matiti mama, pabaya si matiti. Basi ni kama mtu kafungua dirisha. Mama akasema sasa ndo tunaweza kufanya kazi, maana malalamiko yakija kwenu yameandikwa alimshika pabaya, mmoja atafikiria bega, mwingine atafikiria kitu cha kumpeleka mtu jela, halafu mnakaa mezani mnabishana masaa mawili kumbe kila mtu anahukumu kesi yake kichwani. Mi hapo nilijiona, maana ndo tunavyofanya siku zote, tunaona aibu kuandika neno kisha tunashangaa faili halieleweki.

Akashuka kwenye sheria sasa. Hapa nitaeleza kwa urefu kidogo maana hela yetu ililala hapa na ndo sehemu wengi tunaropoka bila kujua. Sheria yenyewe ni ile ya makosa ya kujamiiana ya 1998, wenyewe wanaiita SOSPA, ambayo iliingizwa ndani ya Kanuni ya Adhabu. Ubakaji kwa sheria ya Tanzania bara ni kitu chembamba kuliko mtaani tunavyosema: mwanaume, mwanamke, kuingiliwa, bila ridhaa. Kuingiliwa hata kidogo tu kunatosha, sio lazima amalize, na sheria imeandika wazi kwamba alama za kupambana, sijui majeraha sijui nguo kuchanika, sio lazima ziwepo ndo ihesabike hakuridhia. Ridhaa iliyopatikana kwa vitisho au kwa kumtia hofu ya kuumizwa sio ridhaa. Aliyeleweshwa hesabu ni hiyo hiyo. Na kuna watu sheria imewataja kwa kazi zao kabisa, mwenye mamlaka anayetumia cheo chake, mtu wa hospitali, mganga wa kienyeji, kiongozi wa dini. Adhabu kwa kawaida ni kuanzia miaka 30.

Fundi wetu mmoja wa forklifti akauliza, na mwanaume akifanyiwa je? Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alisubiri mpaka wa mwisho akaacha, akajibu kwamba jina la kosa linabadilika, kwa mwanaume haliitwi kubakwa, yapo makosa mengine likiwemo la kulawiti na lile la udhalilishaji mkubwa wa kijinsia, na hilo la mwisho ndo pana maana linachukua kiungo chochote au kifaa chochote kikitumika kwenye mwili wa mtu kwa ajili ya kujiridhisha bila yeye kukubali, miaka 15 mpaka 30. Chini yake huko kuna shambulio la kijinsia ambalo hata neno, mlio au ishara inaingia, ukikusudia mwenzio asikie au aone ili umkere kwa namna hiyo. Mlio wakuu. Ule mluzi wa pale getini saa kumi na moja jioni mabinti wa pakingi wakitoka. Supavaiza wetu wa zamu ya usiku alikunywa maji glasi nzima.

Ila hakuipamba. Alisema ina mapungufu yake hii sheria, kwa mfano mke anayeishi na mumewe hayumo kwenye tafsiri ya kubakwa na mumewe mpaka wawe wametengana, na kinga hiyo ya mume inaanzia mke akiwa na miaka 15 tu, watu wamepeleka mambo ya ndoa za umri mdogo mahakamani na mpaka leo ubishi haujaisha. Sikutegemea wakili wa kulipwa aseme hivyo mbele ya mabosi.

Halafu akatuambia kitu ambacho nadhani ndo kilikuwa semina nzima. Kamati yenu sio mahakama. Msijifanye mnahukumu ubakaji, hamna uwezo huo. Likija la hivyo mtu anasindikizwa polisi kwenye dawati la jinsia, anapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kwa daktari, anaenda hospitali, na zile dawa za kuzuia VVU zina saa 72 tu, sasa nyie mkikaa siku nne mnatafuta akidi ya kikao mshamuua. Asioge, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi sio wa nailoni kwa sababu nailoni inatunza unyevu na kuharibu ushahidi (nailoni zenyewe zilipigwa marufuku 2019, ila tunajuana). Nyie mnachohukumu ni je huyu mfanyakazi amevunja sheria za kazi, na sheria ya ajira ya 2004 inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi ndani ya ubaguzi kazini. Na bosi anayedai ngono ndo ampe mtu mkataba au ampandishe cheo, hiyo ni rushwa ya ngono, ipo kwenye sheria ya TAKUKURU ya 2007, na hakuna haja ya kusubiri mpaka amguse.

Mchana ndo tukaingia kwenye kuhukumu tuhuma. Hapa nilitegemea atupe ile ya siku hizi kwamba mwanamke akisema ni kweli basi, na nusu ya wanaume mle ndani walishakunja mikono tayari kwa vita. Hakwenda huko. Alitoa kesi ya Makumba ya Mahakama ya Rufani, ambayo iko kwenye ripoti za sheria za 2006 na kila wakili anaikariri, kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa mwenyewe aliyetendewa. Kwa nini? Kwa sababu mambo haya hayafanyiki sokoni Kariakoo saa sita mchana, ukisema lazima shahidi wa pili umeshawaambia wote wafanyie stoo. (Akaniangalia mimi, labda ni hisia zangu.) Mwaka huo huo wa ripoti kuna uamuzi mwingine kwamba kila shahidi anastahili kuaminiwa mpaka iwepo sababu nzito ya kutomwamini. Sasa watu wa mikono iliyokunjwa wakaanza kunung'unika, ndo akawageuzia ukurasa wa pili: kwenye rufaa namba 145 ya 2017 Mahakama hiyo hiyo ya Rufani ilisema neno la mlalamikaji lisichukuliwe kama neno la Injili, lazima lipimwe kama ni la kweli. Yaani vyote viwili vinasimama pamoja. Unaanza kwa kumwamini kama unavyomwamini shahidi wa boksi lililopotea, hauanzi kwa kumwona mwongo kwa sababu tu ni mwanamke na ni jambo la kitandani, halafu unapima: maelezo yake yanashikana? yanaendana na zamu, na geti, na daftari la kuingia na kutoka, na meseji? alimwambia nani na lini?

Hiyo ya lini ndo ilinigusa mimi.

Miaka mitatu nyuma binti mmoja wa kwetu alileta malalamiko kwamba supavaiza wake alimshika, sitaenda zaidi ya hapo. Alileta baada ya wiki tatu. Na mi ndo niliyemuuliza kwenye kikao, kwa mdomo wangu huu, mbona umekaa wiki tatu, na mbona hukupiga kelele. Akaanza kujibu, mwenyekiti akaangalia saa, tukaandika malalamiko hayana ushahidi, tukaenda kula. Mwezi haukuisha akaacha kazi. Supavaiza alikaa mwaka mwingine mzima akahamia kwingine kwa barua nzuri ya utambulisho ambayo stempu yake nafahamu ilipigwa ofisi gani.

Wakati wa chai nikamfuata mama pembeni nikamweleza, nikategemea atanigombeza au ataniambia swali la kuchelewa ni swali baya halitakiwi kuulizwa. Akasema hapana baba, swali ni halali kabisa, mahakama inasema shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema anaaminika zaidi, na kuchelewa kusikoelezeka kunatia shaka. Akarudia, kusikoelezeka. Sasa nyie mlimuuliza aeleze halafu mkaondoka kwenda kula kabla hajaeleza. Basi. Akachukua sambusa yake. Aisee mi nimeshawahi kugombezwa na watu wengi lakini hiyo ya kimya kimya sijawahi. Na hilo la kupiga kelele alisema lifute kabisa kichwani, mtu akishikwa na hofu anaganda, na sheria yenyewe ya 1998 ndo hiyo nimewaambia haidai mapambano.

Kumbuka na kipimo cha ushahidi, hapa ndo penye utata kwa watu wengi. Mahakamani kwenye jinai inatakiwa ithibitishwe pasipo kuacha shaka ya maana. Kwenye nidhamu kazini, ile kanuni ya utendaji bora ya 2007, GN 42 (tangazo la serikali namba 42), inasema mwajiri athibitishe kwa mizania ya uwezekano, yaani lipi linaelekea zaidi kuwa la kweli. Kwa hiyo mtu anaweza kushinda kesi mahakamani na bado kazini akawa alikosea. Na kinyume chake mtuhumiwa kazini ana haki zake: apewe barua yenye tuhuma kwa maneno yanayoeleweka (tumerudi kwa matiti), apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, aje na mwenzake au mtu wa chama, aulize mashahidi maswali, na ukimsimamisha wakati wa uchunguzi unamlipa mshahara wote. Wale wa mikono iliyokunjwa waliikunjua hapo. Nilichojifunza ni kwamba ukimpa mtuhumiwa haki zake zote, hata mlalamikaji anafaidika, maana uamuzi hauji kuvunjwa CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kwa kosa la utaratibu.

Siku ya kwanza ikaishia hapo. Nyota tano, ningeongeza ya sita.

Siku ya pili.

Saa tatu kamili kaingia kijana wa suti nyembamba na projekta, slaidi 94, nilizihesabu kwa sababu namba ilikuwa inaonekana pembeni, zote kwa Kiingereza na picha za wazungu wanapeana mikono ofisini. Mabinti wa pakingi na fundi wa forklifti wakawa wanaangalia picha tu. Kitini tulichopewa nacho Kiingereza mwanzo mwisho, fotokopi ya fotokopi. Wakati sheria ya ajira yenyewe ina watu wa kuieleza kwa Kiswahili na jana yake tulielewa kila kitu, unaleta kitini ambacho mlengwa hawezi kukisoma, sasa umemfundisha nani.

Lakini hayo ningesamehe. Tatizo ni alichofundisha. Akaanza kwamba wanawake hawadanganyi kwenye jambo kama hili, hoja imefungwa. Mzee wetu mmoja akamwambia yeye mwenyewe anamfahamu jirani aliyesingiziwa kwa ugomvi wa kiwanja, kijana akakosa jibu, akageuka nyuzi 180 akaanza kutufundisha namna ya kumjua mwongo! Akiangalia juu kushoto anatunga, juu kulia anakumbuka, au kinyume, hata yeye aliichanganya. Akigusa pua. Akitoka jasho. Jamani tupo Dar mwezi wa pili, nani hatoki jasho? Hiyo ya macho watafiti walishaipima na ikaonekana haina kitu, na hata bila watafiti, hebu fikiria binti wa miaka 22 kakaa mbele ya watu saba, watano wanaume, anatakiwa kueleza alishikwa wapi, utegemee atakutazama usoni? Kwetu kuangalia chini mbele ya wakubwa ni adabu. Kwa kipimo chake kila binti aliyelelewa vizuri ni mwongo, na kila tapeli mzoefu ni mkweli.

Yaani kwa nusu saa alitoa majibu mawili na yote yanaondoa kazi ya kupima. La kwanza umwamini bila kusikiliza, la pili umkatae kwa kumwangalia pua. Jana yake mama alishatuonyesha kazi yenyewe iko katikati huko, kwenye daftari la geti.

Kikaja kinachoitwa zoezi. Kisa cha meneja na dada wa mapokezi, nusu ukurasa, halafu anayeona meneja ana hatia anyooshe mkono. Tukapiga kura! Nane kwa sita. Hakuna aliyeuliza zamu, hakuna meseji, meneja mwenyewe hajasikilizwa. Niliuliza, sasa hawa sita waliokataa wamekataa nini hasa, tafsiri ya kosa au maelezo ya dada? Akasema swali zuri tutarudi. Hatukurudi.

Na kilichonitoa kabisa kwenye kiti ni slaidi ya sabini na kitu: tuhuma ikiwa nzito pelekeni polisi na mfukuze mtu mara moja, msisubiri. Mi si mwanasheria lakini jana yake nilichukua namba ya yule mama, nikamtumia WhatsApp chini ya meza. Jibu likaja kabla slaidi haijabadilika, kwa herufi kubwa, MSITHUBUTU. Kumbe sheria ya ajira kifungu cha 37 inasema mfanyakazi akishashtakiwa mahakamani kwa kosa la jinai ambalo kimsingi ni lile lile, huwezi kumpa adhabu ya nidhamu wala kumfukuza mpaka kesi na rufaa ziishe. Kwa hiyo ukifuata slaidi ya yule kijana unamfukuza mtu ambaye kesi yake iko mahakamani, ana siku 30 za kukimbilia CMA, anakwenda, anashinda kwa utaratibu, anarudi kazini au analipwa, na binti aliyelalamika anamwona getini Jumatatu asubuhi na kicheko. Nikasimama nikasoma meseji kwa sauti. Kijana akasema kila nchi ina sheria zake. Ndio mkuu, na hii ni yetu.

Alitoa vyeti saa tisa. Changu kimeandikwa jina la pili limekosewa, na juu kimeandikwa kwamba nimehitimu kuwa mchunguzi wa malalamiko. Kwa siku mbili, moja mbovu.

Kwa anayefikiria kununua hii huduma: ulizeni kwanza nani anafundisha siku ipi, msikubali kuambiwa timu yetu ya wataalamu. Ombeni kitini kabla na kiwe cha Kiswahili. Ulizeni kama wana mfano wa fomu ya kupokea malalamiko, sisi hatukupewa, nimechora mwenyewe kwenye Excel kwa kufuata maswali ya yule mama na HR ameikubali, ina mstari wa mwisho unaosema eleza kwa nini umeleta malalamiko siku hii, na nafasi ya kutosha chini yake, nusu ukurasa mzima.

Marejesho bado. Wamesema watatupa nusu siku ya bure kama fidia, bosi kaniuliza kama tukubali. Nimemjibu akija yule mama nitakaa mbele kabisa na nauli najilipia, akija kijana wa slaidi mimi siku hiyo nina hesabu ya stoo.